Bila Maziwa Usimeze

Hamle 6
Mvua tangu alfajiri, kama kila mwezi wa Hamle. Mfungo wa Mitume umekwisha jana na mji mzima umejitupa kwenye nyama. Kabla ya saa nne nimeuza dawa za tumbo kwa watu kumi na mmoja. Watu hawa hufunga kama malaika na kufungua kama fisi, kisha wananijia mimi.

Hamle 7
Amekuja Asnaku, yule mwanamke anayekamua mafuta ya nugi nyuma ya soko. Ananuka mafuta toka mlangoni. Mbegu zile nyeusi amezitwanga miaka yote mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na kila anachogusa kinabaki na alama. Leo alama imebaki kwenye kioo cha kaunta yangu.

Alikuwa na binti yake, Tihun, wa miaka tisa, amefunikwa shuka mpaka puani. Nikamwambia aifunue. Mapunye kichwa kizima, na juu ya sikio la kushoto uvimbe laini wa ukubwa wa nusu limau, nywele zimeng'oka, usaha unatoka kwenye vitundu. Wameanza kuyaona tangu kabla ya Pasaka. Wamepaka majivu, wamepaka kitunguu saumu, wamemwagia maji ya baraka, wamemaliza mirija miwili ya krimu ya Demissew, mganga wa kujitangaza. Mahali pa kuja kwanza ndipo wamekuja mwisho, kama kawaida ya mji huu.

"Dada Atsede," Asnaku akasema, "Demissew anasema hili ni jipu. Atalipasua kesho kwa wembe mpya."

"Demissew alikuwa anauza viatu mpaka juzi. Likipasuliwa patabaki kovu, na penye kovu nywele haioti tena mpaka kaburini. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mapunye si uchafu wa juu. Fangasi imeshuka mpaka kwenye mizizi ya nywele, na krimu haifiki huko. Inafuatwa kwa ndani. Kidonge kimoja kila siku, wiki nane."

"Wiki nane! Kwa mapunye?"

Wote husema hivyo hivyo, na kwa sauti hiyo hiyo. Kijana wa kituo cha afya ndiye aliyeandika dawa, griseofulvini, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe kwetu ameandika kitu kinachosomeka na kisichonichefua. Nikahesabu vidonge vya wiki mbili tu. Nikimpa vyote atawagawia majirani wenye vichwa vinavyouma.

Dawa hii ni ya madaha, bila mafuta tumboni inapita tu na kutoka ilivyoingia. Najua watu wangu, ukiwaambia kwa upole hawasikii. Nikaandika juu ya pakiti kwa herufi kubwa: KIDONGE KIMOJA KILA SIKU, NA MAZIWA AU SIAGI. BILA MAZIWA AU SIAGI USIMEZE. Nikapiga mistari miwili chini ya "usimeze". Asnaku hajui kusoma hata jina lake. Binti anajua, yuko darasa la tatu. Nikamwamuru asome, akasoma kwa sauti kama yuko kanisani.

"Sasa mweleweshe mama yako kwa niaba yangu," nikamwambia, "maana yeye haelewi."

Asnaku akatabasamu. Ukimtukana anatabasamu, ukimsifu anatabasamu. Sijui kama kuna mtu ndani.

Hamle 8
Mvua.

Hamle 10
Demissew amesimama mbele ya duka langu na mwavuli wake, amevimba kama yeye ndiye mganga mkuu wa wilaya yote ya Lasta.

"Dada Atsede, nasikia unawalisha watoto vidonge vya Addis Ababa kwa sababu ya upele."

"Nasikia wewe unapasua watoto kwa sababu ya ujinga."

"Krimu yangu imewaponya wangapi?"

"Waliopona ni wale waliosahau kuipaka."

Akaondoka akichechemea. Ana kitu mguuni, kiatu cha kulia amekilegeza kamba. Sikuuliza, na sina haja.

Hamle 12
Jumatano. Nimenunua chupa ya mafuta ya nugi kwa Asnaku kwa ajili ya mchuzi wangu wa siku za mfungo. Sipendi kumwona mara mbili kwa wiki, lakini wengine wote huchanganya na mafuta ya kopo. Akaniongezea kijiko juu, nikamwambia aache kunipaka mafuta mkono. Akatabasamu.

Hamle 16
Mvua, na ukungu mpaka mlangoni. Mteja mmoja tu, na alikuwa anajikinga mvua.

Hamle 21
Wamerudi kwa pakiti ya pili. Lazima niandike ukweli: uvimbe umeshuka nusu, usaha umekauka, na pembeni mwa kichwa kumechomoza vinyweleo vifupi. Tihun anaguguna mbavu za ng'ombe kwa raha na anakunywa maziwa ya jirani. Asnaku anapokea sifa zangu kama aliyetengeneza dawa mwenyewe.

"Anameza kila siku?"

"Kila siku, dada. Kila asubuhi Tihun ananisomea pakiti, kisha anameza."

Kila asubuhi! Watu wa kawaida husoma mara moja. Huyu anasomewa pakiti ya dawa kama zaburi.

Hamle 27
Wasichana wameanza kufanya mazoezi ya Ashendiye kwenye uwanja wa shule, ngoma inasikika hata mvua ikinyesha. Tarehe kumi na sita ya Nehase, mfungo wa Filseta ukiisha, watasukwa, watajifunga majani kiunoni na kuzunguka nyumba kwa nyumba. Mimi siku hiyo hufunga mlango na komeo.

Nitaliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nilikuwa na miaka minane, mapunye kama ya Tihun, uvimbe kama wa Tihun, nyuma ya kichwa upande wa kulia. Mama yangu alimwita mzee mmoja akauchoma kwa chuma cha moto. Palipopona pakabaki upara wa ukubwa wa kiganja. Sijawahi kucheza Ashendiye hata mara moja. Nimevaa kitambaa kichwani miaka arobaini na sita, na mwanamume mmoja aliyewahi kuniposa alikiona kichwa changu na kukumbuka kuwa ana safari. Ndiyo maana nikajifunza dawa. Ndiyo maana pia sina subira na akina mama wanaotabasamu.

Nehase 1
Filseta, mfungo wa Mariamu, imeanza. Hata watoto wanaotembea kwa kuyumba wanaushika mfungo huu. Jumatano na Ijumaa za mwaka mzima hawana habari nazo, lakini Filseta ni yao. Kanisa la Mariamu limejaa toka usiku wa manane. Nimekula saa tisa alasiri: injera na mchuzi wa shiro uliokuwa unaelea mafuta ya nugi. Mfungo na mafuta yote hayo! Tunadhani Mungu ni mtoto.

Nehase 5
Leo ilikuwa zamu ya Asnaku kuchukua pakiti ya tatu. Hakuja.

Nehase 6
Hakuja.

Nehase 7
Hakuja, na wala sishangai. Nimewajua watu hawa maisha yangu yote. Uvimbe ukishuka wanasema amepona. Watapanda mlima masaa manne kufuata maji ya baraka lakini kutoka nyuma ya soko mpaka kwangu ni mbali. Atakuja mwezi ujao, binti kichwa kimeoza, na atatabasamu, na atasema "Dada Atsede" kwa sauti ile ya kubembeleza. Nimemsema mbele ya wateja watatu, na wote watatu wakaniunga mkono, kwa kuwa hakuna anachokipenda mji huu kama ujinga wa mtu mwingine.

Nehase 9
Nimerudi sasa hivi, matope mpaka magotini. Niandike kwa mpangilio.

Nilifunga duka saa nne nikaenda nyumbani kwa Asnaku. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani. Nikamkuta uani anakaanga nugi, moshi kila mahali, na Tihun amekaa pembeni amefunikwa shuka. Nikaivuta ile shuka bila kuomba ruhusa. Uvimbe umerudi. Umerudi mwekundu, umejaa, na kile kinyweleo kilichoanza kuota kimelala ndani ya usaha.

"Wewe ni mama au ni gogo?" nikamwambia Asnaku. "Nilikupa dawa. Nilikuandikia. Umeitupa wapi?"

"Sijaitupa, dada."

"Umempa nani? Umemuuzia nani?"

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa kisafi alichokiweka chini ya picha ya Mariamu. Ndani yake vidonge vinne. Vile vinne vilivyobaki tarehe thelathini ya Hamle. Na pakiti yangu imekunjwa vizuri kama cheti cha ndoa.

"Filseta iliingia," akasema. "Hatugusi maziwa."

"Kwa hiyo ukaacha dawa?"

Tihun alichukua ile pakiti, akaisoma kwa sauti ya kanisani, neno kwa neno: "Bila maziwa au siagi usimeze." Kisha akaniangalia. "Umepiga mistari miwili, shangazi."

Nikaichukua pakiti, nikaisoma mwenyewe. Kuku alipita katikati yetu. Mji mzima huu, mwaka mzima, hakuna mtu anayefuata maneno yangu. Aliyeyafuata herufi kwa herufi ni mmoja tu, na ni yule niliyemwita gogo dakika moja kabla.

Lakini hasira haikunitoka, ilihama tu. Nikaenda mbio kanisani kwa Aba Kidane, padri na baba wa roho wangu na wa Asnaku pia. Padri ana miaka thelathini na miwili, mimi hamsini na minne, na ananiita mwanangu. Nilikuwa tayari kupigana naye. Nilitaka amwondolee mtoto mfungo, na nilijua atanisomea vitabu mpaka jua lizame.

"Mtoto mgonjwa?" akasema. "Mgonjwa hafungi, mwanangu. Angekunywa maziwa toka siku ya kwanza. Mbona hamkuniuliza?"

Hata kwa hilo nikamchukia. Tukarudi pamoja, yeye na mwavuli wake wa pindo za dhahabu, mimi nyuma kwenye matope. Akamwambia Tihun kwa upole kwamba amemruhusu kunywa maziwa leo hii.

"Hapana," Tihun akasema.

"Mwanangu, mimi baba yako wa roho ndiye ninayesema."

"Nimemwekea Mariamu nadhiri, Aba. Nimemwambia nitafunga Filseta yote, siku kumi na tano, ili anipe nywele. Nikinywa maziwa atasema nimemdanganya."

"Atakuelewa."

"Wewe umemuuliza?"

Aba Kidane akakunja mwavuli wake. Nikamwambia mtoto kwamba Mariamu hana haja na upara wake. Nikamwambia akishupaa atakuwa hivi, na nikajigusa kitambaa. Akalia, lakini kichwa akatikisa. Nikamgeukia Asnaku nikamwambia amshike amnyweshe kwa nguvu, kama anajua kazi ya mama ni nini.

Asnaku alikuwa amechuchumaa anageuza nugi zake zisiungue. Akauliza bila kuinua kichwa:

"Dada Atsede, hiyo dawa inataka maziwa, au inataka mafuta yaliyo ndani ya maziwa?"

"Mafuta, bila shaka. Nimekwambia toka mwanzo."

"Hukuniambia. Uliandika maziwa na siagi." Akageuza tena. "Na inajua kama mafuta ni ya ng'ombe?"

Nikazitazama nugi zake. Naandika hapa kwa aibu. Miaka thelathini kwenye duka la dawa. Jana tu, saa tisa, nimekula shiro inayoelea mafuta ya mwanamke huyu huyu, ya mfungo, halali kwa Mariamu na malaika wote, na nilifuta midomo na kulamba vidole. Kisha nikakaa kuandika jinsi watu hawa walivyo wajinga.

"Haijui," nikasema.

"Basi."

Akamimina mafuta mapya juu ya shiro mpaka yakafunika. Saa tisa ilipofika Tihun akala yote, akameza kidonge, akafungua mdomo nione. Nikaenda dukani, nikarudi na pakiti ya tatu, nikaiacha, nikaondoka. Sikusema samahani.

Siku nane zimepotea. Juu ya uvimbe ule, siku nane ni nyingi.

Nehase 10
Nimempitia. Amemeza.

Nehase 11
Amemeza. Asnaku hakutabasamu leo. Nimegundua kwamba nilikuwa nangojea atabasamu.

Nehase 13
Buhe, sikukuu ya wavulana. Wavulana wanapiga mijeledi barabarani toka asubuhi, kichwa kinaniuma. Amemeza.

Nehase 16
Mfungo umekwisha, na Ashendiye imeanza. Nilikuwa nimeshatia komeo. Wasichana wakapita na ngoma na majani yao kiunoni, wakaimba mlangoni, wakachoka, wakaenda. Baadaye mlango ukagongwa tena, polepole. Alikuwa Tihun, peke yake, na shuka yake kichwani. Wenziwe wamemwambia hawachezi na mwenye mapunye.

"Nimekuja kumeza hapa," akasema. "Kule wanapita wanapita."

Nikampa maziwa, maana leo ni halali. Akameza. Tukakaa nyuma ya mlango uliofungwa, sisi wawili, tunasikiliza ngoma ikienda mtaa wa pili. Nawadharau wale wasichana wote na mama zao waliowasuka.

Nehase 24
Demissew kaja kwa mlango wa nyuma, duka likiwa tupu. Akavua kiatu cha kulia. Ukucha wa kidole gumba ni wa njano, mnene kama pembe ya mbuzi, unaoza pembeni. Amejipaka krimu yake mwenyewe miezi minane.

"Usimwambie mtu," akasema.

"Kwanza nenda kituoni wakuandikie, na wakupime ini. Ukucha una dawa yake ya kumeza, ni miezi mitatu."

"Miezi mitatu! Kwa ukucha?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Siku hii ndiyo nzuri kuliko zote za msimu huu wa mvua. Kisha nikakumbuka mistari yangu miwili, nikaacha kucheka.

Pagume 3
Mvua ya siku ya malaika Rufaeli, yenye baraka. Watoto wote wako nje wanaoga barabarani. Nimemwona Tihun katikati yao bila shuka. Hajaambiwa na mtu. Uvimbe haupo.

Meskerem 1
Mwaka mpya. Jua limetoka asubuhi kama lililosahau jinsi ya kuwaka, na vilima vyote ni maua ya njano.

Asnaku na Tihun wamekuja na maua. Wiki nane zilikwisha, kijana wa kituoni akaongeza mbili kwa sababu ya siku zile nane, na bado vimebaki vidonge vichache. Nikamkalisha Tihun kwenye kigoda penye mwanga nikamkagua kichwa sehemu kwa sehemu. Nywele zimeota kila mahali, fupi, nyeusi, ngumu. Juu ya sikio la kushoto, mahali pa uvimbe, zimeota pia. Isipokuwa katikati. Katikati pana doa linalong'aa, laini, la ukubwa wa ukucha wa kidole changu kidogo. Nilipapasa mara tatu. Hakuna hata tundu la unywele. Pale hapataota.

Nikawaambia. Sikuzunguka. Nikasema: hili ni la siku nane, na siku nane ni za kwangu, kwa kuwa niliandika vibaya. Asnaku akainama akalitazama doa kwa karibu, akalipima kwa kidole chake cheusi.

"Msuko mmoja unalifunika," akasema. "Mwakani atacheza."

"Utalifunikaje? Nywele za pale zitateleza, zinataka kugawanywa toka mbali. Subiri."

Nikafungua kitambaa changu. Sijui nilivyofanya, mkono ulikwenda wenyewe. Nikageuka wauone upara wangu wote, nikawaonyesha jinsi ninavyozigawanya nywele juu yake na kuzibana kwa pini mbili, kwamba doa dogo kama lile halihitaji hata pini moja. Tihun akasogea akatazama kwa macho makubwa.

"Shangazi! Kubwa hivyo! Hukumeza?"

"Hakukuwa na dawa mji huu."

Akafikiri kidogo. "Na mimi dawa ilikuwepo," akasema. "Ungemuuliza tu mama."

Asnaku akamkanya, "We mtoto, adabu!" lakini mimi sikumkanya. Walipoondoka, doa la mafuta likabaki kwenye kioo cha kaunta, vidole vinne na gumba. Nikachukua kitambaa cha kufutia, kisha nikaketi na daftari hili na kulisoma toka Hamle mpaka leo. Jina la Asnaku limo karibu kila ukurasa. Nimetafuta mahali nilipomuuliza jambo nikitaka kweli kujua analolijua yeye, wala si kumpima wala kumkemea. Nimerudia mara mbili. Hakuna.

Kioo sijakifuta.